Mahafali ya Kidato cha Nne Bwenini Wakati wa Mlipuko: Mwongozo Kamili kwa Shule za Nyanda za Juu Kusini

Mahafali ya shule ya kutwa yakiisha, kila mtu anakwenda kwake. Ya shule ya bweni hayaishi hivyo. Mzazi anapanda Coaster kurudi Tunduma, Kyela au Makete. Mhitimu anarudi kulala kwenye kitanda cha deka katika chumba kimoja na wenzake wengi, na wiki chache mbele yake ana mtihani wa taifa. Kamati inayoanza kwa kuuliza "wageni wangapi waje?" imeanzia mbali. Iulize kwanza: ugonjwa ukiingia siku ile, tuna siku ngapi za kuugundua, kumtenga aliyeugua na kumrudisha darasani kabla ya karatasi ya kwanza? Ukishapata jibu hilo, idadi ya wageni, chakula, joho na vyeti vyote vinajipanga nyuma yake.

Maelezo haya yanahusu ugonjwa unaoenea kwa hewa na matemate, kama UVIKO-19. Kwa kipindupindu mambo hubadilika, na tumeyagusa penye chakula na maji.

Tarehe

Dalili za UVIKO-19 hujitokeza kati ya siku 2 na 14 baada ya mtu kuambukizwa, kwa wengi siku ya tano au ya sita. Mwenye ugonjwa mwepesi alitakiwa kujitenga siku 10. Jumlisha 14 na 10, unapata 24. Ongeza siku nne ili kijana arudishe nguvu na kushika daftari. Hizo ni siku 28 kamili kati ya mahafali na mtihani. Mtihani ukianza Novemba 9, mahafali yasivuke Oktoba 12. Na kwa kuwa wengi hufanya Jumamosi, chagua Jumamosi iliyo kabla ya hapo, wala si inayofuata.

Kishawishi ni kusogeza sherehe mbele ili "wamalize mitihani ya majaribio kwanza". Mwaka 2020 kalenda ilibanwa kweli: shule zilifungwa Machi 17, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na madarasa mengine Juni 29. Kalenda ikibanwa hivyo, mahafali ndiyo yapunguzwe au yaahirishwe hadi vijana wamalize mtihani. Siku 28 zisiguswe.

Hali ya hewa inakusaidia ukiwahi. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, Iringa, Njombe na Mbeya mjini bado ni kiangazi; uwanja mkavu, sherehe inafanyika nje, na nje ndiko kinga kubwa kuliko zote ilipo. Ukisubiri Novemba mvua itakusukumia watu wote bwaloni. Rungwe na Busokelo hazina uhakika huo, maana mvua huko haina mwezi wake, kwa hiyo weka turubai lenye paa tu, pande zote nne wazi. Turubai lililoshushwa kuta ni ukumbi uliofungwa.

Kiangazi nacho kina upepo na vumbi, hasa kuanzia saa sita mchana, na watu wa Makambako hawahitaji kuelezwa. Funga kila nguzo ya turubai kwa kamba na mfuko wa mchanga, usitegemee vigingi peke yake kwenye udongo uliokauka. Mwagia uwanja maji jioni ya kuamkia siku yenyewe, na tena alfajiri. Vumbi huwakohoza watu wazima walio wazima, na ukishakuwa na watu hamsini wanakohoa huwezi tena kumtambua anayeumwa.

Kamati, kibali na hesabu ya uwanja

Anza wiki sita kabla. Kamati iwe na makamu mkuu wa shule, mwalimu wa malezi, matroni, patroni, muuguzi wa shule, mpishi mkuu, mjumbe wa bodi, mzazi mmoja na mwakilishi wa wahitimu. Mpishi mkuu aingie kikao cha kwanza. Shule nyingi humwita wiki ya mwisho na kumkabidhi idadi, kumbe yeye ndiye anayejua kama jiko lina sufuria za kutosha kupika chakula cha kufungwa badala ya cha kupakua.

Andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mganga mkuu wa halmashauri na afisa elimu sekondari. Ombeni mambo matatu kwa maandishi: idadi ya watu inayoruhusiwa wakati huo, mtaalamu wa afya atakayekuwepo siku hiyo, na jina la kituo cha kumpeleka mgonjwa pamoja na namba ya gari litakalombeba. Jambo la tatu ndilo husahauliwa, na ndilo litakalohitajika saa nne usiku.

Sasa pimeni uwanja. Kiti cha plastiki kina upana wa karibu nusu mita. Ukiacha mita moja kila upande, kila kiti kinakula mraba wa mita 1.5 kwa 1.5, yaani mita za mraba 2.25. Uwanja wa netiboli, wenye mita 30.5 kwa 15.25, una karibu mita za mraba 465. Kwa hesabu ya karatasi unaingiza viti 206, lakini ukitoa njia za kupita na nafasi ya meza kuu unabaki na viti 150. Watu wa nyumba moja wanaweza kukaa pamoja, hivyo panga viti viwili viwili kisha uache mita moja na nusu. Utapata nafasi zaidi bila kuvunja kanuni. Chora alama za chokaa chini kabla viti havijafika. Viti visivyo na alama husogezwa ndani ya dakika kumi, maana kila mtu anafuata kivuli.

Wahitimu 120 na wazazi wawili wawili ni watu 360, bado walimu na wageni. Hao wanataka uwanja wa mpira. Kama hamna, gawanyeni mahafali mara mbili, mikondo miwili asubuhi na miwili mchana, kwa saa mbili kamili za kusafisha katikati. Msigawe kwa herufi za majina ya ukoo. Mbeya na Rungwe majina yanayoanza na "Mwa" ni mengi mno. Ukikata orodha kwenye herufi M utapata kundi moja la watu kumi na jingine la mia. Tumieni mikondo ya darasa.

Toeni kadi mbili kwa kila mhitimu, zenye namba, jina la mhitimu na saa ya kufika. Asiye na kadi haingii, hata akiwa diwani. Mkilegeza kwa mtu mmoja mbele ya lango, wenye kadi watawapigia simu ndugu walioachwa nyumbani.

Kidato cha kwanza hadi cha tatu wasiwe uwanjani. Waachwe kwenye madarasa yao na spika moja kwa nje wasikilize, au wapewe siku yao ya kuwaaga kaka na dada zao Ijumaa jioni, kila bweni na bweni lake.

Barua kwa wazazi

Ipelekwe wiki tatu kabla, ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi. Iseme saa ya kufika, saa ya kuondoka, barakoa ni lazima, mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani na kadi yake apewe ndugu mwingine. Iseme wazi kwamba hakuna mgeni atakayelala bwenini. Wanaotoka mbali watafute nyumba ya kulala wageni. Wanaokodi Coaster pamoja wakae level siti, yaani kila mtu kwenye kiti bila wa kusimama, na wafungue madirisha hata kama njiani kuna baridi.

Wazee wasifungiwe mlango kwa jumla. Bibi aliyemlea mjukuu tangu akiwa mchanga ana haki ya kumwona akihitimu. Wekeni viti vya wazee safu ya pembeni karibu na lango la kutokea, kivulini, wafike mwisho na waondoke kwanza. Vivyo hivyo kwa wenye kisukari, pumu au seli mundu, bila kutangaza nani ana nini.

Joho

Hapa shule nyingi hazitazami kabisa. Joho na kofia hukodishwa, na katika msimu wa mahafali mzigo uleule hutoka shule moja Jumamosi hii na kwenda nyingine Jumamosi ijayo. Kofia inayobana kichwa cha mhitimu wenu juzi ilikuwa na jasho la mtu wa Mafinga.

Dai joho zifike Jumatano kwa sherehe ya Jumamosi. Zianikwe juani siku nzima zikiwa zimegeuzwa ndani nje, zipigwe pasi, kisha kila moja ibandikwe jina la mvaaji na isijaribiwe na mwingine. Kupima urefu kufanywe kwa utepe wa fundi, si kwa kuvua na kuvaa. Kofia zipanguswe ndani kwa kitambaa chenye spiriti. Faida nyingine ni kwamba mnapunguza fangasi za kichwani, ambazo huja kwa njia hiyohiyo kila mwaka, mlipuko uwepo au usiwepo.

Maji na vibuyu chirizi

Oktoba ndio mwezi wa uhaba wa maji kwa shule nyingi. Pigeni hesabu ya lita 3 kwa mtu kwa siku hiyo, kwa ajili ya kunawa tu: anapoingia, kabla ya kula, na baada ya choo. Watu 500 ni lita 1,500. Jazeni matanki Alhamisi, kwa sababu Ijumaa jiko nalo linachota.

Langoni tumieni ndoo zenye koki au bomba la tanki. Vyooni na nyuma ya jiko, vibuyu chirizi vinatosha na vinaokoa maji mengi. Kutengeneza kimoja:

1. Chimbia miti miwili yenye panda, mita 2 kila mmoja, mashimo ya sentimita 50, umbali wa sentimita 70 kati yake.
2. Toboa dumu la lita 5 kwa msumari uliopashwa moto, tundu la milimita 2, sentimita 12 chini ya mfuniko. Tundu likiwa juu zaidi maji hayafiki. Likiwa chini sana dumu linavuja muda wote.
3. Ning'iniza dumu kwenye mti wa kulala uliopita kwenye panda. Toboa sabuni ya kipande, ipitishie kamba na uining'inize pembeni yake.
4. Funga kamba kutoka shingo ya dumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia kilicho chini. Ncha ya pili ya kijiti iguse ardhi.
5. Weka kokoto chini, shimo la kina cha kiganja, maji yasifanye tope.

Sabuni na maji tiririka kwa sekunde 20 vinatosha. Kitakasa mikono kiwe cha kilevi kuanzia asilimia 60, na kikae mbali na jiko, mishumaa ya keki na fataki. Kinashika moto kwa mwali usioonekana vizuri mchana. Aliyepaka mikono asubiri ikauke kabla ya kuwasha kiberiti.

Klorini ya kupangusia viti, meza na vitasa ni ya asilimia 0.1. Ukitumia jiki yenye asilimia 3.5, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 34 za maji. Kwa ndoo ya lita 10 ni karibu mililita 290. Ukitumia klorini ya unga yenye asilimia 65 hadi 70, gramu 30 kwa ndoo ya lita 20, yaani vijiko viwili vya chakula. Pangusa uchafu kwanza kwa maji ya sabuni na usuuze, kisha paka klorini, iache dakika 10. Changanya na maji ya baridi, ya siku hiyohiyo, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu. Usimnyunyizie mtu. Kuna shule zilijenga vibanda vya kuwapulizia watu klorini mlangoni. Havizuii ugonjwa na vinaumiza macho na pumu.

Lango

Mtu mmoja kunawa, kupimwa joto na kuandikwa huchukua karibu dakika moja. Mstari mmoja kwa hiyo hupitisha watu 50 kwa saa, ukiacha nafasi ya wanaotafuta kadi kwenye mkoba. Wageni 240 wanaofika ndani ya saa moja na nusu wanahitaji mistari minne. Ukiweka miwili, watu watarundikana nje ya uzio, na kazi yote ya ndani itakuwa bure.

Mpangilio ni huu: kunawa kwanza, kisha kiti cha kivulini, kisha kipimo, kisha daftari. Kiti kile kina sababu. Kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso husoma ngozi tu. Aliyeshuka bodaboda asubuhi ya baridi ya Njombe husomeka nyuzi 34 hata kama ana homa. Aliyetembea juani kutoka stendi husomeka 38 akiwa mzima. Wote wakae dakika 5 hadi 10, na kifaa chenyewe kisiachwe mezani juani wala kwenye baridi ya alfajiri. Anayesoma 37.5 au zaidi akae dakika 10 nyingine apimwe tena, akizidi tena hapo asiingie. Apewe kiti nje ya eneo, mhitimu wake aje mita mbili wapungiane na wapigwe picha. Mwalimu anayefanya kazi hii awe mtu mzima mwenye upole. Mzazi aliyesafiri kutoka Chunya akirudishwa kwa ukali atasambaza ugomvi.

Andika jina, simu, wilaya anakotoka na jina la mhitimu. Mwandishi ni mmoja na kalamu ni yake, kalamu isizunguke.

Kusalimiana kuna uzito wake huku kwetu, na kumnyima mtu mkono bila maneno ni kumvunjia heshima. Mshereheshaji afungue kwa kuonyesha salamu ya siku: mkono kifuani, kuinama kidogo, na "Kamwene" kwa Iringa na Njombe, "Ugonile" kwa Rungwe. Mkuu wa shule na mgeni rasmi wafanye hivyo mbele ya wote. Wakipeana mikono hao wawili, tangazo lolote baada ya hapo halitafuatwa.

Ratiba ya jukwaani

Mahafali ya kawaida huchukua saa tano au sita, nyingi zikiwa za kumsubiri mgeni rasmi. Wakati wa mlipuko yawe saa mbili na nusu. Mgeni rasmi aelezwe mapema kwamba saa 4:30 asubuhi sherehe inaanza, akichelewa makamu mwenyekiti wa bodi anakaimu, na awekewe jina hilo kwenye barua ya mwaliko. Mgeni mwenye cheo kikubwa na ratiba isiyotabirika si chaguo zuri mwaka huo. Mwalimu mstaafu wa shule hiyo anafaa zaidi.

Saa 2:30 hadi 4:15 wageni wanaingia. Saa 4:30 wahitimu wanaingia kwa mstari mmoja, Wimbo wa Taifa, sala. Ripoti ya taaluma dakika 10, risala ya wahitimu dakika 10, burudani mbili za dakika 7, mgeni rasmi dakika 15, vyeti, shukrani. Saa 7:00 mchana mwisho. Mkimaliza hapo mnakwepa sehemu kubwa ya upepo wa mchana, na wazazi wa mbali wanafika kabla ya giza.

Kwaya ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote, nayo ni ngumu kuipunguza kwa sababu ndiyo inayopendwa. Machi 2020, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Waliougua ni 53, na wawili wakafariki. Mtu anayeimba hutoa matone mengi ya hewa kuliko anayeongea, na wanakwaya huvuta pumzi kwa kina. Kwa hiyo chagua waimbaji 12 badala ya 60, wasimame mita mbili mbili, wakiwa upande upepo unakoelekea, ili pumzi yao isipite juu ya wageni. Mazoezi pia yafanyike nje. Mengi yamewahi kufanywa bwaloni usiku madirisha yakiwa yamefungwa, wiki mbili mfululizo, na hapo ndipo hatari inapozidi ile ya siku yenyewe. Ngoma ya asili ya kuchezwa bila kuimba na gwaride la skauti ni salama zaidi kwa sababu hazihitaji kinywa.

Mikrofoni mbili: moja ya mshereheshaji peke yake, nyingine ya jukwaani, ikivishwa kifuniko kipya au kupanguswa kwa spiriti kila anapobadilika mzungumzaji.

Vyeti viwekwe mezani kwa mpangilio wa kuitwa. Mhitimu anaitwa, anapita, anachukua mwenyewe, anasimama kwenye alama, anainama kwa mgeni rasmi, picha, anashuka upande wa pili. Sekunde 12 kwa kila mmoja. Wahitimu 120 ni dakika 24. Fanyeni zoezi hili Ijumaa kwa vipande vya karatasi, maana mmoja akikosea mpangilio cheti cha kila anayefuata kinakwenda kwa mtu mwingine.

Kisha mashada. Hapa ndipo nidhamu yote huvunjika: wazazi wanakimbilia wahitimu na maua ya plastiki, utepe, keki na noti za kutunza, watu mia tatu ndani ya mita ishirini. Kutangaza "msisogee" hakusaidii. Chora miraba ya chokaa ya mita 3 kwa 3 pembeni mwa uwanja, kila mmoja na namba inayolingana na kadi. Baada ya vyeti mhitimu anakwenda kwenye mraba wake, familia yake inamfuata hapo, wanamvisha, wanampiga picha, wanakaa naye dakika 30. Mzazi hakunyimwa kitu, na hakuna msongamano. Wapiga picha wa kukodi wapite mraba hadi mraba, wasiite watu wajipange kwao.

Kwa ndugu walioachwa nyumbani, simu moja kwenye stendi ya kamera inatosha kurusha moja kwa moja. Kwa picha ya kawaida tenga GB 1 hadi 1.5 kwa saa. Jaribuni wiki moja kabla, saa ileile na mahali palepale, kwa kuwa bonde moja likizungukwa na milima mtandao hubadilika kwa hatua chache. Ukiwa mdogo, rekodi na ugawe baadaye.

Chakula

Foleni ya kupakua haifai: kijiko kimoja mikononi mwa watu mia, na wote wamevua barakoa. Chakula kifungwe kwenye boksi la karatasi au la foili, kigawiwe mtu anapokwenda kwenye mraba wake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo msitegemee rambo za kubebea.

Kwa watu 400, chukueni gramu 150 za mchele mbichi kwa mtu, jumla kilo 60, wa Kyela au Mbarali. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa gramu 150 kwa mtu, kilo 60. Mafuta lita 6 hadi 7 kwa pilau. Maharage kilo 20. Kabichi vichwa vikubwa 40. Tunda la kufunga na ganda lake, ndizi au parachichi, ni bora kuliko tikiti lililokatwa.

Kosa linalojirudia huanzia kwenye mwinuko. Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka kwa nyuzi pungufu kidogo ya hizo. Maharage na nyama huchelewa kuiva. Mpishi anayelijua hilo huanza saa nane usiku, na hapo yuko sahihi. Lakini vikishaiva alfajiri hufunga maboksi yote saa 12 asubuhi, na chakula hukaa vuguvugu hadi saa saba mchana. Wali uliofungwa hivyo kwa muda wa saa saba huzalisha vijidudu vinavyotapisha na kuharisha, na kesho yake shule nzima inadhani mlipuko umeingia. Maharage na nyama vipikwe usiku na vibaki vinatokota motoni. Wali upikwe asubuhi kwa awamu, wa mwisho uepuliwe saa 5:30. Kufunga kuanze saa 5:45, watu wanane mezani wenye barakoa na mikono iliyonawa, kila mmoja na kazi moja. Boksi 400 humalizika kwa saa moja. Chakula kilichofungwa kiliwe ndani ya saa mbili. Kinachobaki kisipelekwe bwenini.

Vivyo hivyo chakula walicholeta wazazi. Kuku na chipsi viliwe mrabani na viishie hapo. Sukari, sabuni, maziwa ya kopo na biskuti viachwe mezani kwa matroni, vipanguswe, vigawiwe jioni. Wakati wa kipindupindu zuieni kabisa chakula kilichopikwa nje na matunda yaliyomenywa, na maji ya kunywa yachemshwe.

Usiku huo na siku 14

Wageni waondoke saa 8:30 mchana. Wahitimu waoge na kubadili nguo kabla ya kuingia bwenini. Hakuna disko la ndani. Kama mmeahidi muziki, uwe uwanjani hadi saa 12 jioni.

Bwenini, baridi ndiyo adui wa hewa safi. Vijana wa Iringa na Makete huziba madirisha kwa magazeti na kanga, na lawama haziwafai kwa sababu wanaumia kweli. Gawa blanketi la pili kwanza, kisha acha sehemu za juu za madirisha wazi kwa upana wa kiganja pande zote mbili za bweni, hewa ipite juu ya vichwa. Mchana fungua yote. Vitanda vipangwe kichwa kwa miguu: anayelala deka ya jirani aelekeze miguu alipo kichwa cha mwenzake. Jiko la mkaa lisiingie bwenini kwa sababu yoyote. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua waliolala.

Kuanzia kesho yake matroni na patroni wapime joto kila asubuhi kabla ya uji na waulize mambo manne: homa, kikohozi, koo, kupoteza harufu au ladha. Muhimu kuliko kipimo ni kijana kutoogopa kusema. Wahitimu huficha dalili wakidhani watanyimwa mtihani. Mkuu wa shule awaambie mapema, kwa mdomo wake, kwamba atakayeugua ataendelea kupata notisi na mwalimu wa somo atamfikia.

Chumba cha kujitenga kiwe tayari kabla ya mahafali: mbali na bweni, madirisha mawili, choo chake, vitanda vilivyoachana mita mbili. Anayeonyesha dalili ahamie hapo saa hiyohiyo na barakoa. Muuguzi apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au kituo mlichopewa kwenye barua. Mpigie mzazi kabla hajasikia kwa watu. Waliolala naye upande wa deka na waliokaa naye meza moja waandikwe na wafuatiliwe kwa karibu, lakini bweni lote lisifungwe kwa mgonjwa mmoja bila ushauri wa mganga. Apumuaye kwa shida, mwenye maumivu ya kifua, midomo ya bluu au aliyechanganyikiwa asikae chumbani humo kusubiri asubuhi, apelekwe hospitali. Kujifukiza hakuchukui nafasi ya hayo, na sufuria la maji ya moto chumbani mwa wagonjwa limeunguza watu.

Ikithibitishwa, fungueni daftari la lango na mpigie simu wageni waliokaa miraba ya jirani, bila kutaja jina la mgonjwa. Mkuu wa shule awasiliane na ofisi ya elimu siku hiyohiyo kuhusu utaratibu wa mtihani wa kijana huyo, asingoje wiki ya mtihani. Siku ya 14 ikipita bila dalili mpya, upimaji wa asubuhi unaweza kuwa wa siku mbili kwa wiki hadi karatasi ya mwisho. Daftari la lango likae kabatini kwa makamu siku 28, kisha lichomwe, kwa sababu lina simu za watu.